Mume wangu anataka tuweke kiwanja rehani ili ainue pikapu yake

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, nimeolewa na nina watoto watatu. Kitindamimba ana miaka miwili na nusu. Mume wangu ni mhasibu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila ninayemsimulia jambo hili huniuliza kwanza kama mume wangu ni mkulima au mkandarasi. Halimi, hajengi, hafugi. Anatoka nyumbani na begi la kompyuta, anarudi na begi la kompyuta.

Mwaka jana aliuza gari letu dogo, ambalo halikuwa na deni wala ubovu, akachukua mkopo wa miaka sita na kununua pikapu kubwa ya milango minne, zile za Kimarekani ambazo mtu mfupi akisimama mbele yake anaishia kwenye boneti. Hatukushauriana kwa kina. Aliniambia tu kwamba familia imekua, na kwamba tukiwa ndani ya gari lile hakuna wa kutugusa. Nilifurahi naye. Siku za mwanzo tulipanda wote, watoto wakashangilia, nami nikamwona mume wangu akitabasamu kama zamani.

Sasa hali ndiyo hii. Marejesho ya mkopo, mafuta na bima vinakula karibu nusu ya mshahara wake, na ada za shule zimeniangukia mimi. Sehemu ya mizigo imefunikwa turubai jeusi lililokazwa vizuri, na chini ya turubai hamna kitu. Mzigo wa maana ninaoukumbuka ni wa siku tulipomhamisha mdogo wangu, na siku hiyo mume wangu alitandika mablanketi chini ili kabati lisikwaruze rangi. Kitanda cha chuma alikikataa kabisa, tukakodi kirikuu. Nyumbani, gari likiingia wima geti halifungi, kwa hiyo kila jioni analiingiza kwa mshazari, mbele, nyuma, mbele, nyuma, huku mtoto mkubwa akimwelekeza kwa mikono.

Kilichonitisha kimetokea mwezi uliopita. Ilikuwa asubuhi, mume wangu ameshawasha gari. Mimi nilikuwa mlangoni nikitafuta kiatu cha mmoja wa watoto. Kitindamimba akanipita akiburuta kigari chake cha plastiki, akaenda kuinama mbele kabisa ya gari, pale penye namba, kuokota kitu. Mama mkwe wangu alikuwa ametutembelea, na ndiye aliyemwona. Alipiga ukelele, mume wangu akakanyaga breki. Gari lilikuwa limeshaanza kusogea. Alishuka akitetemeka, anarudia maneno yale yale: "Sikumwona. Nilikuwa naangalia mbele, sikumwona." Tangu siku hiyo hatujalizungumza.

Nilidhani tukio lile lingempunguzia mapenzi na gari. Badala yake amekuja na makadirio ya fundi. Anataka liinuliwe, liwekewe matairi makubwa zaidi, na bampa la chuma mbele. Fedha hana, kwa hiyo anaongeza mkopo, na mkopeshaji anataka dhamana. Ameniletea karatasi niweke saini ili kiwanja chetu, chenye majina yetu wote wawili, kiwekwe rehani.

Nilimuuliza kwa upole gari liinuliwe kwa kazi gani. Alinyamaza kwanza, halafu akasema: "Ofisini wananipita. Nikiwa ndani ya lile gari watu wananipisha." Ni kweli kwamba alitarajia kuwa mkuu wa idara, nafasi akapewa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kaka zangu nao hawasaidii. Wakija kwetu wanaliita gari hilo meli, wanamuuliza kama ana leseni ya unahodha. Hucheka nao, kisha hatumwoni tena sebuleni.

Shangazi, nampenda mume wangu na sitaki kumwaibisha. Lakini karatasi iko kabatini na ananiuliza kila jioni. Nisaini? Na nisiposaini, namwambiaje bila kumvunja?

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Usisaini. Nalitanguliza hili ili usome yanayofuata ukiwa umetulia. Mkopo wa gari ukishindikana, kwa kawaida kinachochukuliwa ni gari lenyewe. Mkopo huu wa pili ni jambo jingine kabisa: matairi yataisha, rangi ya bampa itachubuka, na siku mume wako atakapokwama kulipa, kitakachoondoka ni ardhi ya watoto wenu. Tena fedha zinazotiwa kwenye kuinua gari na kulipamba mara nyingi hazirudi siku ya kuuza. Kiwanja kisiguswe kwa kitu kinacholika.

Baada ya hapo nataka tuiache fedha kidogo, kwa sababu katika barua yako kuna jambo zito kuliko mkopo, nalo umeliweka katikati kana kwamba ni moja tu ya kero. Mtoto wako alikuwa mbele ya gari na baba yake hakumwona. Ninavyokuelewa, kila mmoja wenu amebaki na hofu yake kimya kimya. Inawezekana mume wako anajiona mzembe. Nakuomba umwambie kwamba alikuwa anaangalia mbele kweli, kama alivyosema. Kwenye gari la kimo kile, kuangalia mbele hakutoshi.

Jumamosi hii fanyeni jaribio. Gari liwe limezimwa, funguo iwe mfukoni mwako. Mume wako akae kwenye usukani kama anavyokaa siku zote. Chukua ndoo mbili, uzipandanishe hadi zifikie kimo cha kitindamimba wenu. Mtoto wa umri huo akisimama wima ana takriban sentimita 90, na wako siku ile alikuwa ameinama. Weka ndoo zigusane na bampa la mbele, halafu zisogeze mbali na gari taratibu huku mume wako akikuambia anaona nini. Atakapoona ukingo wa ndoo ya juu kwa mara ya kwanza, weka alama chini kwa chaki. Kisha ondoa ndoo ya juu, urudie. Ashuke, atembee kutoka bampa hadi kwenye alama, kwa miguu yake. Kamera ya mbele, kama ipo, nayo iangaliwe, lakini kamera humsaidia anayeitazama, na asubuhi ya haraka macho yanakuwa kwenye geti. Usiseme neno lolote la lawama wakati wa jaribio hilo. Ukilaumu, atalitetea gari. Ukinyamaza, chaki itabaki pale sakafuni na ataiona kila akitoka.

Siku hiyo hiyo wekeni sheria ya nyumba: gari haliwashwi mpaka kila mtoto awe ama amekaa ndani na kufungwa mkanda, ama ameshikwa mkono na mtu mzima anayeonekana. Anayeendesha alizunguke gari lote kwa miguu kabla ya kupanda. Na yule mkubwa asisimame kuelekeza tena. Mtoto anayesimama kati ya gari linalorudi na ukuta hana pa kukimbilia.

Kuhusu kimo cha pua ya gari, hili si suala la ladha. Mwaka 2023, IIHS, taasisi ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima, ilichunguza karibu ajali 18,000 za watembea kwa miguu. Magari yenye boneti zinazozidi takriban sentimita 102 kutoka chini yalikuwa na uwezekano wa kuua mtu aliyegongwa uliozidi kwa takriban asilimia 45 ule wa magari yenye pua fupi, isiyofika sentimita 76, na iliyoinamia mbele. Sababu yake inaeleweka hata bila utaalamu. Pua fupi humpiga mtu miguuni, akaangukia juu ya boneti. Pua ndefu iliyosimama kama ukuta humpiga mtu mzima kifuani au nyongani, na mtoto kichwani, ikamsukuma chini mbele ya magurudumu. Sasa mume wako anataka ukuta huo upande juu zaidi, na mbele yake auweke chuma. Nenda ukapime boneti yenu kwa futi kamba kabla hamjaketi kuzungumza, uiandike namba hiyo.

Hata ukimsahau mtembea kwa miguu, kuinua gari kuna madhara kwa aliye ndani. Uzito wake unapanda juu, kwa hiyo linakuwa rahisi zaidi kupinduka dereva anapokwepa kitu ghafla. Matairi makubwa yanaidanganya saa ya mwendo: inaonyesha mwendo mdogo kuliko ule gari linaokwenda kweli, mpaka irekebishwe. Ni mazito pia, yanasumbua breki na boljointi, na mafuta yanaongezeka. Taa zisiposhushwa upya zinammulika anayekuja machoni. Na lipo moja ambalo yeye, kwa kuwa ni mhasibu, atalielewa upesi: gari likibadilishwa bila kampuni ya bima kuarifiwa, siku ya ajali kampuni inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa. Mwombe apige simu aulize kabla ya kuongea na fundi tena. Asipigiwe na wewe.

Sasa nije kwa mumeo mwenyewe, maana swali lako la pili ndilo gumu.

Mtu aliyekwambia "ofisini wananipita, ndani ya lile gari watu wananipisha" hajakuficha kitu. Wanaume wengi huishi na maneno hayo kifuani mpaka wanazeeka, wake zao wasiyasikie. Alikuamini. Kwa hiyo usije ukayatumia maneno hayo kumpigia siku mkigombana, hata siku ambayo amekuudhi kweli kweli. Na kaka zako uwaambie waache, uwaambie wewe, kwa sauti inayoonyesha hutanii. Wao ni shemeji zake, wana haki ya utani, lakini utani unaomwondoa mtu sebuleni kwake umeshapita mpaka. Kila wanapoliita gari meli wanampa sababu nyingine ya kulishikilia.

Wala hayuko peke yake. Kampuni ya utafiti wa soko ya Marekani, Strategic Vision, imewauliza wenye pikapu wanazifanyia nini. Majibu yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba takriban asilimia 75 walivuta trela mara moja kwa mwaka au hawakuvuta kabisa. Takriban asilimia 70 walitoka nje ya barabara kwa kiwango hicho hicho, na asilimia 35 walibeba mzigo nyuma mara moja kwa mwaka au hawakubeba kabisa. Walipoulizwa wanapenda nini katika gari, walijitokeza kuliko wenye magari mengine katika kutaka gari linalowafanya waonekane imara na watofautike na umati. Hiyo ni Marekani, nchi yenye barabara pana na maegesho makubwa, na bado turubai nyingi zimefunika hewa.

Gari hili halikuanza hivyo. Ford ilipoanza kuuza pikapu yake ya Model T iliyokamilika kiwandani mwaka 1925, ilikuwa kigari cha watu wawili chenye sanduku la mizigo nyuma, kwa sababu wakulima na wafanyabiashara walikuwa tayari wanawalipa mafundi seremala kuwatengenezea masanduku hayo. Baadaye, tangu mwaka 1964, Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazoagizwa kutoka nje, viwanda vya huko vikapata soko lenye kinga na faida nono, na matangazo yakafuata faida. Angalia umbo lenyewe lilivyobadilika: katika vizazi vya mwanzo vya F-150, pikapu kubwa ya Ford, ukichukua urefu wa kebini na bodi kwa pamoja, takriban asilimia 64 ilikuwa bodi ya mizigo. Kufikia mwaka 2021 bodi ilibaki asilimia 37. Watu walikuwa wanauziwa sebule ndefu yenye kisanduku nyuma, huku tangazo likiwaonyesha magogo na matope. Mumeo ameuziwa picha na watu wanaoijua kazi yao. Sioni aibu yoyote kwake katika hilo, na ningependa umwambie hivyo.

Ninachokataa ni lile neno "wananipisha". Nalichukulia kwa uzito, ndiyo maana sitalipamba. Aliye kwenye gari dogo anapopisha pikapu nyuma yake, haoni uso wa dereva. Anaona taa mbili kwenye kioo chake, anahofia watoto wake walioko kiti cha nyuma, anakaa pembeni. Hajui kama anayepita ni mhasibu hodari aliyenyimwa haki yake au ni mlevi. Heshima anayoidai mume wako ni ya mtu kujulikana kwa kazi yake, na haiwezi kutoka kwa watu wasiomjua waliopata hofu. Wako pia wanaochoka na magari haya na kusema wazi: Februari 2024 jiji la Paris liliwauliza wakazi wake kama ada ya maegesho iongezwe mara tatu kwa magari mazito ya wageni. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache, lakini zaidi ya nusu yao walikubali.

Mwambie basi heshima yake itafutwe mahali ilipopotea. Je, amewahi kumuuliza mkubwa wake, kwa maandishi, alikosa nini hata akapitwa? Wengi hawaulizi, wanaumia tu. Kama kuna mtihani wa taaluma ambao hajaumaliza, marejesho ya huo mkopo mpya yangelipia. Halafu wako watu wanaomhitaji mhasibu mwaminifu na hawampati: vikundi vya akiba, kamati za shule, wenye maduka wanaoandika madeni nyuma ya boksi. Mtu anayewawekea vitabu vyao sawa wanamsalimia kwa jina lake popote watakapomkuta, hata akiwa anatembea kwa miguu. Hapo na wewe una kazi. Umeandika kurasa mbili na sijaona sentensi inayosema yeye ni mhasibu mzuri. Kama ni mzuri, mwambie. Mwambie mbele ya watoto, tena siku ambayo gari halikutajwa.

Zipo hoja atakazozileta, na zisikutie wasiwasi. Kuhusu usalama wa familia ana ukweli kiasi: gari zito likigongana na jepesi, aliye kwenye jepesi ndiye huumia zaidi. Lakini uchunguzi wa IIHS hiyo hiyo uliotolewa mwaka 2025 umeonyesha kwamba gari likishavuka uzito wa wastani, kilo zinazoongezwa humlinda kidogo sana aliye ndani na huongeza hatari kwa walio nje. Na watoto wako hutumia muda mwingi wakiwa nje ya gari kuliko ndani. Hoja ya mizigo tayari mmeijibu siku ile mliyokodi kirikuu. Barabara mbovu? Kama njia yenu ya kila siku ina madimbwi na mawe, hiyo ni sababu halali, lakini gari la kawaida lenye tumbo lililoinuka kidogo huvuka njia nyingi za namna hiyo. Wanaohitaji pikapu kweli wapo, na nisingependa wasome hapa wakadhani nawasema: anayepeleka mifuko ya saruji, daktari wa mifugo, mkulima mwenye mavuno ya kutoa shambani. Ukiangalia bodi za magari yao utaona mikwaruzo.

Ukizungumza naye, chagua wakati ambao hana haraka na watoto wamelala. Usianze na fedha. Anza na ile asubuhi. Halafu sema neno la kiwanja moja kwa moja, lisizungushwe, kwa sababu "acha nifikirie" itakupa wiki nyingine ya kuulizwa kila jioni. Unaweza kusema hivi: "Baba watoto, kiwanja sitakisaini, na hilo halitabadilika. Sikatai kwa kukudharau. Uliniambia ofisini wanakupita, na tangu siku hiyo naliwaza kila siku. Nataka tulitafutie dawa pamoja, lakini dawa hiyo haiko kwa fundi wa matairi." Kisha nyamaza umwache aseme. Akikasirika, mwache akasirike. Mwanamume anaweza kukasirika usiku na kuelewa asubuhi. Lakini kama hasira hiyo ikigeuka vitisho au kukushika mkono usaini, hilo si suala la gari tena. Ondoka pale, mweleze mzazi au mzee mnayemheshimu wote wawili, na umjulishe mkopeshaji kwa maandishi kwamba huridhii.

Kama atasema bado analihitaji gari, usibishane kwa maneno. Mwombe aandike daftari la gari kwa muda wa mwezi, kwa mkono wake, kama anavyoandika vitabu vya ofisini: kila safari, waliopanda wangapi, kilichobebwa nyuma ni nini, mafuta kiasi gani. Mwisho wa mwezi ajumlishe marejesho, mafuta, bima na matengenezo, agawanye kwa safari ambazo gari la kawaida lisingeweza. Yeye ndiye mwenye taaluma ya hesabu nyumbani kwenu. Acha hesabu iwe yake, na usichungulie kabla hajamaliza.

Kama hesabu hiyo itawafanya mkubaliane kuliuza gari, uuzaji nao una utaratibu wake, na hapa wengi huumia kwa haraka. Kwanza ipatikane barua ya mkopeshaji inayosema salio la kumaliza mkopo leo ni kiasi gani, pamoja na adhabu ya kulipa mapema kama ipo. Pili, muulize bei kwa wanunuzi watatu hivi tofauti, gari likiwa safi na likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Kama bei inazidi salio, uzeni, mmalize deni, na kinachobaki kinunue gari la kawaida la viti vitano hata kama ni la miaka mingi kidogo. Kama salio linazidi bei, msiuze kwa hasira na kubaki mnalipia gari ambalo hamnalo. Likae, lisiongezewe hata rimu, mlipe ziada kidogo kila mwezi mnapoweza, na mlipimishe bei tena baada ya miezi michache. Kwa muda huo sheria ya watoto iendelee, chaki isifutwe, na lisiende mahali ambapo basi linafika.

Barua ya salio aende kuichukua yeye, kwa kuwa mkopo uko kwa jina lake. Siku ya kuuliza bei mwende wote wawili, na watoto mkiwaacha kwa bibi yao.

Shangazi